Macho ya Wavu

  

Mezani hapa nimeweka vitu viwili. Kimoja ni kipande cha shafti ya chuma, kipenyo chake milimita 100. Cha pili ni kifuniko cha plastiki kilichotoka kwenye printa ya 3D, chenye tundu katikati. Kifuniko hiki kilikusudiwa kukinga beringi ya korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Wenye kazi hiyo wanajua kwamba maji ya mkonge yana ukali wake, yanakula chuma. Ndiyo maana tukachagua plastiki.

Mchoro ulikuwa sahihi. Tundu lilichorwa milimita 100.5, kuipa shafti nusu milimita ya kupumulia. Mchoro niliukagua mimi, faili nikalituma mimi, na kifuniko kilipokuja shafti haikuingia. Tukakigeuza, tukakigongagonga, wapi. Mkereza mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, akakichukua kimya kimya, akapitisha kidole cha shahada ndani ya tundu mzunguko mzima, akasema, “Mwanangu, hili si duara. Lina pembe.”

Tukaleta vernia. Ukipima pembe hadi pembe, 100.5. Ukigeuza kidogo ukapima bapa hadi bapa, 99.6. Tukahesabu kwa ukucha: bapa 24. Tundu langu la duara lilikuwa umbo la pembe 24, na shafti ya milimita 100 haiwezi kupita kwenye mlango wa milimita 99.6, hata kama mchoro unasema vingine.

Jioni ya leo nataka kueleza lilipopotea lile duara. Halikupotelea kwenye mchoro, wala printa haina kosa. Lilipotea njiani, umbo lilipotoka kwenye programu ya usanifu likageuzwa kuwa kile ambacho vijana wanakiita meshi nami nakiita wavu. Njia hiyo sasa tunaipita kila siku, katika karakana zetu hapa Tanga na kwingineko, na wengi wetu tunaipita macho yamefumba.

Kuna namna mbili za kulijua umbo. Ya kwanza ni kuijua kanuni yake. Ukiniambia kitovu kiko hapa na nusukipenyo ni milimita 50.25, umeniambia habari yote ya duara hilo. Nikikuza mara elfu linabaki duara. Namna ya pili ni kuorodhesha vipeo, yaani nukta juu ya umbo, na kuviunganisha kwa vipande bapa. Hapo hujasema duara. Umesema nukta 24, na kati ya nukta na nukta mstari ulionyooka.

Programu za usanifu wa mitambo hutumia namna ya kwanza, na asili yake iko karibu na sisi kuliko tunavyodhani. Fundi wa vyombo anayetaka kuona mbavu za mashua zitakavyokwenda huchukua ufito mwembamba, akaushika sehemu chache, akauacha ujipinde wenyewe. Mti una busara yake: hujipinda kwa njia isiyo na kishindo wala kifundo. Wachoraji wa meli wa Ulaya, na wa ndege baada yao, walifanya vivyo hivyo, wakikandamiza ufito kwa vipande vya risasi juu ya karatasi. Mpindo wa hisabati uliomo ndani ya kompyuta hadi leo unaitwa kwa jina la ufito huo. Kwa upande wa magari, Paul de Casteljau alianza kuutafutia kanuni mwaka 1959 akiwa Citroën, ambako kazi yake ilifanywa siri. Pierre Bézier wa Renault alifika pale pale kwa njia yake, akachapisha, na jina likawa lake. Mwaka 1975 Ken Versprille, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, akaeleza aina ya mipindo inayoitwa NURBS, ambayo kwa kanuni moja inaweza kuwa mstari, duara kamili au ubavu wa jahazi. Programu nyingi za usanifu zimesimama juu ya msingi huo.

Kwa nini basi tusibaki na kanuni? Kwa sababu vyombo vinavyolipokea umbo havizungumzi kanuni. Kadi ya picha ya kompyuta huchora pembetatu. Printa husoma pembetatu. Programu za katuni na michezo, na Blender ambayo vijana wengi hapa mnaitumia, kazi yao imejengwa juu ya nyuso bapa. Na pembetatu ilichaguliwa kwa sababu anayoijua kila aliyewahi kukaa kwenye kigoda: cha miguu mitatu hakitetereki popote ukiweke, cha minne kinataka sakafu iliyo sawa. Nukta tatu daima hulala kwenye bapa moja. Nne zinaweza kugombana.

Mafundi wa kuchomelea wa hapa Nguvumali wanalifahamu jambo hili kwa mikono. Mteja akitaka kiwiko cha bomba kubwa na dukani hakipo, fundi hukata bomba lililonyooka vipande vya mshazari akaviunga. Vipande vitatu vinatoa kiwiko chenye magoti yanayoonekana kutoka barabarani. Vipande saba vinatoa kiwiko cha kupendeza, lakini mchana mzima umekwisha na vijiti vya kuchomelea navyo vimekwisha. Fundi haulizi ni vipande vingapi vilivyo bora. Huuliza bomba linapitisha nini, litakaa wapi, na mteja ana shilingi ngapi.

Hesabu yake ni nyepesi, na naomba tuivumilie kidogo kwa sababu ndiyo roho ya mambo. Chukua duara la nusukipenyo cha milimita 50. Ukiligawa pande 12, katikati ya kila upande utakuwa umeingia ndani ya duara milimita 1.7. Ukiligawa pande 24, umeingia 0.43. Pande 48, 0.11. Pande 96, chini kidogo ya 0.03. Ukizidisha pande mara mbili, kosa linapungua mara nne. Hiyo ni habari njema. Habari mbaya ni kwamba kwenye umbo lenye mipindo pande zote mbili, kama tufe, ukizidisha mara mbili kila upande pembetatu zinazidi mara nne, na faili nalo hivyo hivyo.

Archimedes wa Siracusa, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alitafuta thamani ya pai kwa kulibana duara kati ya maumbo mawili yenye pande, moja ndani na moja nje. Alianza na pande 6, akazidisha mara mbili, 12, 24, 48, akasimama kwenye 96. Alisimama hapo kwa sababu alikuwa amepata alichokitaka: pai iko kati ya 3 na 10/71, na 3 na 1/7. Nampenda sana mzee huyu kwa pale aliposimama. Alijua kosa lake ni kubwa kiasi gani, akaliandika, akatosheka.

Mimi nilipotuma lile faili sikuwa nimeandika kosa lolote. Kwenye dirisha la kuhamishia umbo palikuwa na chaguo tatu: hafifu, kawaida, bora. Modeli nzima ya korona ilikuwa na vipande vingi na kompyuta ilikuwa inahema, nikabonyeza hafifu. Neno moja, na duara likawa pembe 24. Tena nililitazama kwenye Blender kabla ya kulituma, nikaliona duara kabisa. Hapa kuna mtego ambao ni lazima muujue. Programu za picha zina namna ya kulainisha mwanga: zinachukua mwelekeo wa uso kwenye kila kipeo na kuusambaza polepole hadi kipeo cha jirani, jicho likaona mviringo mahali penye bapa. Umbo halijabadilika hata chembe, kilichobadilika ni kivuli. Ukitaka kujua ukweli zima ulainishaji huo, au tazama ukingo wa umbo dhidi ya anga, pale pembe hazina pa kujificha. Kidole cha yule mzee hakina ulainishaji.

Kwa hiyo mtu atasema: ongeza pembetatu, basi, kompyuta za siku hizi zina nguvu. Nami nilidhani hivyo hadi nilipokutana na kandili la Schwarz.

Hermann Schwarz alikuwa mwanahisabati wa Ujerumani wa karne ya 19. Alichukua mcheduara, umbo la kopo, akaupachika nukta juu ya uso wake kwa mikanda. Mkanda wa kwanza una nukta kadhaa zilizopangwa sawa kuzunguka kopo. Mkanda wa juu yake una nukta zile zile, ila zimesogezwa nusu hatua, kama matofali yanavyopishana ukutani. Kisha akaunganisha nukta zote kwa pembetatu. Kila kipeo kiko juu ya kopo kamili, hakuna hata kimoja kilichokosea. Sasa ongeza mikanda, mingi sana, kwa kasi kubwa mno kuliko unavyoongeza nukta za kila mkanda. Pembetatu zinabanwa, zinalala, mwisho zinatazama juu na chini badala ya kutazama nje. Kopo linakuwa na mikunjo kama kandili la karatasi lililokandamizwa. Umbali kati ya wavu na kopo unazidi kupungua kuelekea sifuri, na wakati huo huo eneo la wavu linaweza kuongezeka bila kikomo. Wavu unalikaribia umbo na kulisaliti kwa pamoja.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilikata karatasi nikajaribu mwenyewe, sikuamini. Inafaa muijaribu. Maana yake kwa kazi yetu ni kwamba umbali peke yake hautoshi kuupima wavu. Lazima uulize pia kila uso unatazama wapi. Programu za usanifu zilizo makini zinakupa vipimo viwili, si kimoja: umbali mkubwa kabisa kati ya wavu na umbo halisi, na pembe kubwa kabisa kati ya uso na uso wa jirani. Katika FreeCAD vyote viwili viko wazi na unaandika namba mwenyewe. Umbali unalinda kipimo. Pembe inalinda mng'ao na mkunjo, hasa kwenye vikona vidogo vilivyozungushwa, ambako kosa la umbali huwa dogo kiasi cha kutoonekana huku mwanga ukivunjika vibaya. Na pembetatu ndefu nyembamba kama chane za ukindu, hizo ndizo zinazotoa makunyanzi kwenye picha hata pale ambapo vernia haioni tatizo. Ukiziona, usikimbilie kuzisawazisha moja moja kwa mkono ndani ya Blender. Rudi kwenye asili, badili vipimo, hamisha upya.

Mmeshaona kwamba nazitaja FreeCAD na Blender. Sina maslahi nazo. Ni kwamba zote mbili ni za bure, na zote zilipata uhuru wao mwaka 2002: FreeCAD ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo, na Blender, iliyoanzishwa na Ton Roosendaal wa Uholanzi, ilikombolewa kwa euro 100,000 zilizochangwa na watumiaji wake. Karakana ya vijana watatu isiyoweza kulipia leseni inaweza kufanya kila ninachokieleza hapa. Kikwazo ni kwamba Blender yenyewe haifungui faili la STEP, ambalo ndilo lugha ya pamoja ya programu za usanifu, kwa hiyo kivuko kipo na hakikwepeki.

Nije kwenye mishono. Mama zetu wanaosuka mikeka hawasuki mkeka mzima kwa mkupuo. Husuka ukili, utepe mrefu, halafu hushona ukili kwa ukili. Uzuri wa mkeka unauona kwenye ukili, uimara wake uko kwenye mshono. Modeli ya usanifu nayo imeshonwa kwa nyuso nyingi, kila uso una kanuni yake, na zinakutana kwenye kingo. Sasa tuseme programu inaugeuza kila uso peke yake bila kumwuliza jirani. Uso wa kushoto unaweka nukta 10 kwenye ukingo, wa kulia unaweka 16. Nukta hazikutani. Kati yake inabaki mianya myembamba ambayo macho hayaioni.

Printa inaiona. Kabla ya kuchapa, programu yake hukata umbo vipande vya mlalo kama mkate, na kwenye kila kipande hutafuta mzunguko uliofungwa ili ijue ndani ni wapi na nje ni wapi. Mzunguko usipofungwa inakisia, na ikikosea unapata ukuta uliokosekana au tundu lililojazwa. Mhandisi anayetaka kukadiria uzito au nguvu ya kifaa anapata shida ile ile, maana kitu kisichofunga hakina ujazo.

Neno la pwani kwa dawa ya ugonjwa huu lipo: kalafati. Chombo kikishapigwa mbao, fundi hupitia kila mwanya na pamba na mafuta, kwa sababu bahari itaupata mwanya ambao yeye hakuuona. Wavu wa kompyuta una kipimo cha kalafati kilicho rahisi kuliko cha mashua: kila ukingo uwe mali ya nyuso mbili, si moja, si tatu. Moja, pana mwanya. Tatu, pana ukuta ulioota ndani ya ukuta. Na nyuso zote zigeukie nje, vipeo vyake vikihesabiwa kinyume cha mwendo wa saa kwa anayetazama kutoka nje. Programu zina amri za kukagua hayo kwa sekunde. Zina pia amri za kuziba, nami nazitilia shaka, kwa kuwa kuziba kwa nguvu kunaficha mwanya ambao chanzo chake ni modeli yenyewe. Mara nyingi chanzo ni faili lililopitia IGES, muundo wa mwaka 1980, ambao kwa kawaida hupeleka nyuso zimetawanyika kama kili zisizoshonwa. STEP, iliyotangazwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1994 kwa namba ISO 10303, inaweza kubeba kitu kizima pamoja na habari ya nani amepakana na nani. Mteja akikupa hiari, omba STEP.

Kuhusu miundo mingine nitapita haraka. STL ilizaliwa mwaka 1987 kwa ajili ya printa za kwanza za kampuni ya 3D Systems, na ndiyo mnayokutana nayo zaidi. Ina pembetatu, basi. Kila pembetatu huchukua baiti 50 katika faili la namba mbili, milioni moja ni megabaiti 50. Haina rangi, haina majina ya vipande, na haijui kama 100 yako ni milimita, inchi au mita. Bamba la milimita 150 lililotoka FreeCAD likaingia Blender bila kuangaliwa linasimama mita 150. OBJ hubeba zaidi, glTF imeandika wazi kwamba kipimo chake ni mita na kwamba juu ni mhimili wa Y, wakati Blender juu yake ni Z. Ukiona modeli imelala kifudifudi, sababu ni hiyo. Hayo ni mambo ya kukariri mara moja yakaisha.

Jambo ambalo haliishi ni hili la pembenne. Vijana wanaotoka kwenye katuni na michezo wamefundishwa kwamba wavu mzuri ni wa pembenne zilizojipanga kama vigae. Wana sababu. Mwaka 1978 Edwin Catmull na Jim Clark walieleza namna ya kulainisha wavu kwa kuugawa tena na tena, na njia hiyo inapenda pembenne. Mwili unaotakiwa kupinda, goti la mtu, shingo ya twiga, unataka mistari inayofuata misuli. Zipo programu zinazopanga upya wavu wowote kuwa pembenne, kama Instant Meshes iliyotolewa mwaka 2015, na Blender inayo njia yake ndani. Lakini zinapopanga upya husogeza vipeo. Ukingo mkali wa flanji unakuwa laini, tundu la boliti linakuwa yai. Nimeona kijana mwenye kipaji akitumia siku mbili kupanga pembenne kwenye bamba la chuma ambalo halitapinda milele, la kuchapwa tu, na alipomaliza matundu yake hayakupokea boliti. Iliniuma, kwa sababu siku mbili za kijana yule ni mali, na hakuna aliyemwuliza mwanzoni bamba lile ni la nini.

Nendeni asubuhi kwa wavuvi pale Deep Sea, au mshuke hadi Kigombe. Mvuvi haendi kununua wavu akasema nipe wavu mzuri. Muuzaji hatamwelewa. Mvuvi husema anakwenda kuvua nini. Anayetaka papa na taa huchukua jarife, macho makubwa, uzi mnene. Anayetaka dagaa anataka macho ya kupenya ncha ya kidole tu. Wavu wa dagaa ukiutega kwa papa utapasuliwa, na jarife ukilitega kwa dagaa utarudi na maji. Macho ya wavu huchaguliwa na samaki. Mtu anayebonyeza hafifu, kawaida au bora hajasema samaki wake, na mimi siku ile nilikuwa mvuvi aliyeingia baharini bila kujua anavua nini.

Kuna upande mwingine wa safari hii ambao unatuhusu sisi watu wa pwani kwa namna ya pekee, nao ni pale ambapo kanuni haipo kabisa. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani hauna faili la STEP. Waliojenga kuba zile walikuwa na kamba, timazi na macho yao. Kikundi kiitwacho Zamani, cha Chuo Kikuu cha Cape Town, kilikwenda Kilwa na Songo Mnara na mitambo ya leza, kikapima mamilioni ya nukta juu ya kuta, na kutokana na nukta hizo kikafuma nyavu. Hapo mambo yamegeuka: wavu ndio asili, na mtu akichora kuba ile kwa kanuni safi ya duara, ni yeye aliyekosea. Kuba ya Kilwa ina mkono wa mwashi ndani yake. Kuilainisha ni kumfuta mwashi.

Kama kilometa 17 kusini mwa tulipokaa iko Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, yakiwemo ya nguzo. Ni katika maji ya huko ambako meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwaka 1498, na mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India bila watu wa kutosha kuiendesha, wakaichoma moto. Nguzo nyingi zimeanguka. Kwenye baadhi yake bado pana mashimo ambamo vilipachikwa vibakuli vya kauri. Kijana mwenye simu nzuri na subira anaweza kupiga picha mia mbili kuzunguka nguzo moja na kupata wavu wake kwa programu za bure. Ningependa sana vijana wa Nguvumali walifanye hilo, kwa ruhusa ya wahusika wa mambo ya kale, kabla ya masika mengine mengi kupita. Ila mkilifanya, msiuguse wavu wa kwanza. Utunzeni na kelele zake zote, hata kama ni mzito na mchafu. Tengenezeni nakala nyepesi ya kuonyesha watu, na iwe nakala. Yule atakayekuja baada ya miaka 50 akiuliza ufa ulikuwa na upana gani, ni wavu mchafu utakaomjibu.

Nirudi mezani.

Kifuniko cha pili nilikifanya wiki ile ile. Safari hii nilianza na shafti. Nafasi yake ni robo milimita kila upande, kwa hiyo nikasema kosa la wavu lisizidi sehemu ndogo sana ya robo hiyo, nikaandika milimita 0.02. Kwa tundu la ukubwa ule hiyo ni pande 112. Kwenye sehemu za nje zisizogusana na kitu nikaruhusu kosa kubwa zaidi, maana hakuna anayekosa usingizi kwa kona ya kifuniko. Majina ya mtengenezaji yaliyochongwa kwenye modeli na meno ya boliti nikayaondoa kabla ya kuhamisha, kwa kuwa yalikuwa yanakula pembetatu nyingi kuliko kifuniko chenyewe. Nikakagua kingo, kila moja nyuso mbili. Nikapima ujazo wa wavu nikaulinganisha na ujazo wa modeli. Kisha nikalifungua faili upande wa pili na kupima kwa mkono sehemu tatu, ikiwemo bapa hadi bapa ndani ya tundu.

Shafti iliingia kwa kusukumwa na kiganja. Yule mzee mkereza alikuwepo. Alipitisha kidole kama mara ya kwanza, akazunguka tundu zima, akazunguka tena, akanirudishia bila kusema neno na kwenda zake kwenye mashine.

Hicho cha pili hakipo hapa, kiko kazini kimepakwa majani ya mkonge. Nilichobaki nacho ni faili lake la STEP, na ndani ya folda hiyo hiyo maandishi ya mistari mitatu: tundu 100.5, kosa la wavu 0.02, sababu ni shafti ya 100. Cha kwanza ndicho hiki. Kabla hamjatoka, pitieni mezani mkipitishe kidole ndani ya tundu, polepole, mzunguko mzima.